Kabla Hujabonyeza
Mhadhara kwa walimu wa kompyuta, mafundi na makarani wa Karagwe na Kyerwa, uliotolewa Kayanga

 

Juzi saa tatu usiku mwalimu mmoja wa sekondari alinipigia simu. Hata salamu hakuimaliza. "Fundi, mashine ya maabara inasema kuna toleo jipya. Nibonyeze?" Nikamwambia asibonyeze, akalale. Akashukuru, akakata simu. Aliyekosa usingizi ni mimi, maana nilikuwa nimemjibu nusu. Kutobonyeza nako kuna gharama yake, ila gharama hiyo huja taratibu, kama mchwa kwenye nguzo. Leo nimekuja kumalizia jibu.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kitu gani. Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Ukoo wake sasa ni mkubwa: imo Linux aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991, zimo FreeBSD na OpenBSD, na hata kompyuta za Apple ni wajukuu wa humo. Simu za Android mlizozizima sasa hivi (natumaini mmezizima) zina kiini cha Linux ndani. Huku kwetu ukoo huu tunakutana nao zaidi kwa majina mawili, Debian na Ubuntu: kwenye seva iliyosukumwa chini ya meza ya mhasibu, kwenye maabara ya shule yenye kompyuta za msaada, kwenye chumba cha kumbukumbu za wagonjwa.

Kuna mambo mawili watu huyachanganya. Kusasisha ni kuziba matundu ndani ya toleo lilelile. Hilo lifanyeni kila wiki wala msinipigie. Kupandisha toleo ni kuhama nyumba. Ukitoka Debian 12 kwenda 13, kinabadilika kiini, zinabadilika maktaba zinazotegemewa na kila programu, hifadhidata inabadili namna ya kupanga vitu vyake. Usiku ule mwalimu aliulizwa kama yuko tayari kuhama, akadhani anaulizwa kama anataka kufagia.

Sasa niwasimulie aibu yangu. Nimeshailipia, kwa hiyo ni haki yangu kuitumia.

Miaka michache iliyopita nilikuwa natunza seva ndogo ya chama kimoja cha msingi upande wa Kyerwa. Ilikuwa na Debian, na ndani yake folda moja ya pamoja ambamo makarani wawili waliandika kilo za kila mkulima. Nilifika asubuhi, msimu umepamba moto, kahawa ya maganda inaingia kwa baiskeli na bodaboda. Toleo jipya lilikuwa limetoka wiki chache tu zilizopita, nami nilikuwa na hamu nalo. Butura hamhitaji kuelezwa: mtu ananunua kahawa ikiwa bado ua, akidhani amewahi. Nilifanya butura ya programu.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka katikati. Kisha skrini ikageuka bluu, likatokea sanduku la kijivu lenye swali. Lilisema, kwa Kiingereza kirefu, kwamba faili la mipangilio ya Samba, yaani ile programu inayoigawa folda kwa kompyuta nyingine, limewahi kubadilishwa na mtu wa hapahapa. Kwamba kifurushi kipya kimekuja na faili lake. Je, libaki lipi? Alama ya kuchagulia ilikuwa imesimama kwenye jibu la kubakiza la zamani. Mimi nikaipandisha juu, nikachagua jipya. Kwa nini? Kwa sababu lilikuwa jipya. Kulikuwa na chaguo la tatu, la kuonyeshwa tofauti ya mafaili hayo mawili mstari kwa mstari. Sikuligusa, chai ilikuwa inapoa.

Yule "mtu wa hapahapa" alikuwa mimi mwenyewe, miaka miwili nyuma. Ndimi niliyeandika kwa mkono wangu jina la ile folda na majina ya makarani wanaoruhusiwa kuifungua. Mashine ilipowaka upya, kompyuta za makarani hazikuiona folda. Nje foleni ilikuwa imefika barabarani. Karani wa kwanza akatoa daftari la zamani na kalamu bila kunitazama, na hilo liliniuma kuliko matusi. Mzee mmoja akaja dirishani, amelishika gunia lake kwa mikono miwili, akauliza kwa upole: "Mwanangu, kilo zangu za juzi zimo humo, au mashine imezila?"

Zilikuwemo zote. Folda ilikuwa palepale diskini. Kilichofutika ni jina lake mlangoni. Na Debian ilikuwa imenihurumia kuliko nilivyostahili, maana faili langu la zamani haikulitupa. Ililiweka pembeni ya jipya, ikaliongezea mkia, smb.conf.ucf-old. Mafaili mengine hubakizwa yakiwa na mkia wa dpkg-old. Nililiona baada ya saa tatu za kuhangaika, nikalirudisha kwa amri moja.

Toleo jipya siku ile halikukosea chochote, liliuliza swali la haki. Aliyeharibu ni fundi aliyekuwa amesahau alichokifanya kwa mikono yake. Tangu hapo nimetazama ajali nyingi za kupandisha toleo, zangu na za wenzangu, na karibu kila mara nakuta mambo ni yaleyale: hatari inatoka kwenye mashine ya zamani, kwenye yale tuliyoyatia humo tukayasahau. Toleo jipya linatuamsha tu.

Mama mwenye kibanja hapa Karagwe anaijua migomba yake mmoja mmoja. Anajua mche upi uliletwa na shangazi kutoka Bugene, upi umeegemea wa jirani yake, upi ulipandwa penye shimo la taka ndiyo maana umenona. Ukimwambia leo tunapanga shamba upya, hashiki panga kwanza. Anatembea. Fundi naye atembee. Chukua daftari, la karatasi, kwa sababu daftari lililo ndani ya seva halisomeki seva ikigoma. Andika toleo ulilonalo. Andika kila faili ulilowahi kuligusa kwenye folda ya /etc. Andika anwani za mtandao, kazi zinazojiendesha usiku, nani anaingia kwa mbali na kwa ufunguo gani, printa gani imeunganishwa wapi. Ukishindwa kuandika kurasa mbili kuhusu mashine yako, bado hujaijua vya kutosha kuihamisha.

Katika kutembea huko utakutana na njia za panya. Watu wa Murongo msicheke. Mto Kagera una vivuko halali na una vile vya usiku vinavyovusha kahawa kwenda ng'ambo, na mashine zetu ziko vivyo hivyo. Debian na Ubuntu zina maghala yao rasmi, ambako kila kifurushi kimejaribiwa pamoja na vingine. Lakini siku moja mtu alitaka programu fulani mpya zaidi, akaongeza ghala la pembeni kutoka kwa msambazaji asiyemjua. Programu ikaingia, ikafanya kazi, ikasahaulika. Siku ya kuhama ndipo mgogoro unapoanza: kifurushi kile cha pembeni kinadai maktaba ya zamani, mfumo unadai mpya, na apti, ile programu ya kuweka na kuondoa vifurushi, inakaa katikati kama hakimu aliyechoka, inapendekeza kufuta vifurushi arobaini ili kesi iishe. Hapo msibonyeze ndiyo. Someni orodha ya vinavyofutwa, yote, hata ikijaza skrini tatu. Maghala ya pembeni yafungwe kabla ya safari, na vilivyotoka huko virudishwe kwenye toleo rasmi au viondolewe. Ubuntu huyafunga yenyewe inapoanza kupandisha, lakini vifurushi vilivyokwisha kuingia hubaki.

Kuna jambo dogo la nafasi ambalo limewaliza wengi. Amri ya df -h inachukua sekunde moja na inaonyesha diski imejaa kiasi gani. Watu huitazama diski kubwa, wakaona gigabaiti mia ziko wazi, wakaridhika. Mashine nyingi, hasa zilizofungwa kwa kufuli ya siri, zina kachumba kadogo kaitwako /boot, ka megabaiti mia kadhaa tu, ambamo viini hukaa. Kila sasisho la kiini huacha cha zamani humo. Baada ya mwaka kamejaa. Kiini kipya kinaingia nusu, kazi inakatikia hapo, na mashine ikizimwa katika hali hiyo huenda isiwake. Ondoeni viini vya zamani mapema kwa kutumia apti yenyewe. Msiende kufuta mafaili kwa mkono kama mtu anayefyeka gizani.

Nakala rudufu. Najua mmechoka kuisikia. Kila fundi niliyemuuliza ameniambia anayo. Nikimuuliza aliirudisha lini mara ya mwisho, anatazama juu. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni tumaini tu. Nimeona diski ya nje iliyokuwa ikipokea nakala kila Ijumaa kwa miezi minane, na kila faili lilikuwa na baiti sifuri, kwa sababu nywila ya hifadhidata ilibadilishwa mwezi wa kwanza na hakuna aliyekuwa akifungua kutazama. Basi fanyeni hivi: chukueni kompyuta yoyote iliyokaa bure, hata ya mwalimu, rudisheni nakala humo, mfungue rekodi tatu kwa majina. Ya kwanza kabisa, ya katikati, na ya jana. Na ikiwa ni rekodi za wagonjwa au za wanafunzi, flashi hiyo isizunguke mfukoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu tangu unapozinakili, hata kabla hujaziweka mfukoni.

Sasa njia yenyewe. Basi la Kayanga kwenda Bukoba linapita Kyaka, liwe na haraka au lisiwe nayo. Debian nayo haikubali kurukwa. Ukiwa kwenye toleo la 10, ambalo lilitoka 2019, huendi moja kwa moja hadi la 13 la Agosti 2025. Unapita la 11, unawasha upya, unahakikisha kila kitu kinafanya kazi, unapita la 12, vivyo hivyo, ndipo ufike. Watu hujaribu kukata kona kwa kubadilisha jina la toleo kwenye faili la maghala, kisha wananiita. OpenBSD ina msimamo huohuo, hatua moja kwa wakati, nayo hutoa toleo kila miezi sita. Ubuntu ya muda mrefu, ile ya Aprili ya kila mwaka wa shufwa, inakuruhusu kuruka kutoka moja ya muda mrefu hadi nyingine inayofuata, na haikuletei hata tangazo la kuhama mpaka toleo jipya lipate marekebisho yake ya kwanza, miezi michache baada ya kutoka. Huo ni ushauri wa wenye mfumo wenyewe dhidi ya butura. Ningeusikia siku ile ya Kyerwa ningekunywa chai yangu ikiwa moto.

Na kila kituo kina mlinzi wake. Aliyetoka 10 kwenda 11 alikuta anwani ya ghala la masasisho ya usalama imebadilishwa namna ya kuandikwa. Asiyesoma aliendelea bila masasisho hayo. Aliyetoka 11 kwenda 12 alikuta programu ndogo zinazoendesha kadi za Wi-Fi na vifaa vingine zimehamishiwa sehemu mpya ya ghala, ambayo ni lazima uitaje kwa jina. Anayekwenda 13 atakuta folda ya /tmp imehamia kwenye kumbukumbu ya RAM, jambo zuri kwenye mashine kubwa, lakini mwenye mashine ya gigabaiti mbili atalisikia. Haya yote yameandikwa katika maelezo ya toleo. Ni kurasa nyingi, na zinachosha, na ndizo zinazookoa. Mimi huzichapisha nikazisoma na kalamu mkononi.

Kurudi nyuma hakupo. Mwaka 1978 majeshi ya Amin yalipolivunja daraja la Kyaka, majeshi yetu yalilazimika kujenga daraja la muda ndipo yavuke. Wazee mliopo mnaikumbuka hali ile ya kusimama ukingoni. Debian haina njia inayotambulika ya kushusha toleo: ukivuka, daraja limevunjika nyuma yako, na daraja la muda ni ile nakala mliyoijaribu. Mwenye FreeBSD juu ya ZFS ana nafuu kubwa, maana anaweza kuhifadhi mazingira ya zamani kando na kuyawasha tena mapya yakikataa. Wenye seva za mtandaoni wanaweza kupiga picha ya mashine nzima. Sisi wa diski moja chini ya meza tunatumia njia ya mgomba: mche unakua pembeni ya mama, na mama anapokatwa mche umeshasimama. Nunueni diski ya pili, hata ya mtumba. Hamishieni nakala ya mfumo mzima humo, pandisheni toleo huko, na ile ya kwanza ikae kabatini mwezi mzima.

Umeme sihitaji kuueleza kwa watu wa Kagera. Kwa miaka mingi mkoa huu ulipata umeme wake kutoka Uganda kwa laini ya Masaka, na kila mtu hapa ana hadithi ya kukatika. Kupandisha toleo kwa mashine ya zamani kunaweza kuchukua saa mbili au zaidi, na dakika mbaya kuliko zote ni zile vifurushi vinapofunguliwa na kupangwa. Kompyuta mpakato yenye betri nzima ina ahueni. Seva ya mezani inataka betri ya akiba iliyopimwa ikiwa na mzigo, kwani ile taa ya kijani pekee haithibitishi kitu. Wilaya hii ilianza kufundisha mafundi wa sola miaka ya 1990 kupitia KARADEA, shirika la maendeleo la hapa Karagwe. Hatuna kisingizio cha kukosa mtu wa kutupigia hesabu ya wati.

Bando nalo. Kuhama kunaweza kudai gigabaiti moja, mbili, na zaidi. Apti inaweza kupakua kila kitu bila kufunga hata kimoja. Pakueni usiku, fungeni asubuhi. Penye mashine ishirini za maabara, wekeni moja iwe ghala la ndani kwa apt-cacher-ng; inapakua mara moja, nyingine zote zinachota kwake. Mtandao ukikatika katikati ya kupakua hakuna hasara. Ukikatika wakati umeingia kwa mbali kutoka Kayanga kwenda seva iliyoko Nkwenda, na amri inaendelea, hasara ipo, kwa sababu kikao kinakufa na kazi inaweza kufa nacho. Tumieni screen au tmux, kikao kikae upande wa seva. Ubuntu hufungua na mlango wa akiba kwenye namba 1022. Ila mimi, kwa mashine yenye pesa za watu, napanda bodaboda nakwenda.

Baada ya kuvuka huja zile ajali za kimyakimya, na hizi ndizo ninazopenda kuzisimulia kwa sababu hazina skrini ya bluu.

Hospitali za KKKT nchini zilikuwa miongoni mwa za mwanzo kutumia mfumo wa wazi wa kumbukumbu za wagonjwa, Care2x, miaka ya 2000. Ulikuwa mfumo wa PHP na MySQL, na programu nyingi za kizazi hicho, za shule, za maktaba, za SACCOS, zilijengwa hivyohivyo. Ubuntu ya 2014 ilikuja na PHP 5. Ya 2016 ikaja na PHP 7, na PHP 7 ilikuwa imeifuta kabisa njia ya zamani ya kuzungumza na MySQL. Mtu anapandisha toleo, hakuna kosa hata moja, mashine inawaka vizuri, halafu anafungua ukurasa wa programu yake anakuta mweupe pe. Mfumo endeshi umehama salama. Mpangaji ameachwa nje. Python 2 ilikoma rasmi Januari mosi 2020, na vijiprogramu vidogo alivyoviandika mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo mwaka 2012 vikafa pamoja nayo. OpenSSH ya Ubuntu 22.04 haikubali tena saini za zamani za RSA mpaka uiruhusu, kwa hiyo inaweza kukataa kuongea na ruta yako iliyonunuliwa enzi zile. Kabla ya kuuliza kama toleo jipya linafaa mashine, uliza kama linamfaa mpangaji.

Ile iliyonishangaza kuliko zote ni ya majina. Mwaka 2018 maktaba kuu ya Linux, glibc, ilipofika toleo la 2.28, ilibadilisha kanuni za kupanga maneno kwa herufi. Ikaingia Debian 10. Hifadhidata ya PostgreSQL ina faharasa zilizopangwa kwa kanuni za zamani. Faharasa haijui kwamba kanuni zimebadilika. Unaorodhesha wakulima wote, jina unaliona. Unalitafuta jina hilohilo, mashine inasema halipo. Karani anamwandika mkulima upya, sasa yuko mara mbili. Hapo ndipo mgogoro wa malipo unapozaliwa, na hakuna atakayekumbuka kwamba miezi mitatu nyuma fundi alipandisha toleo. Dawa ni amri moja, REINDEX, ya kujenga faharasa upya. Kuijua dawa ni rahisi. Kugundua ugonjwa ndiyo kazi.

Na wenye PostgreSQL, nisisahau: toleo jipya la hifadhidata huwekwa kando ya lile la zamani, yote mawili. Data yako iko bado kwenye la zamani mpaka uihamishe kwa pg_upgradecluster. Wapo waliofika, wakaona mawili, wakafuta la zamani wakidhani ni takataka.

Kompyuta za msaada. Shule zetu zimepokea nyingi, na baadhi ni za biti 32. Ubuntu iliacha kuzihudumia baada ya 18.04. Debian 13 haitoi tena kiini wala kisakinishi kwa ajili yake. Kwa mashine hizo hakuna kupandisha hadi 13. Zitafika 12 na kukomea hapo. Mkuu wa shule aambiwe ukweli huo leo, kabla hajaziingiza kwenye mpango wa miaka mitano. Zinaweza kufundishia kuchapa bila intaneti.

Nirudi kwa mwalimu wangu wa saa tatu usiku. Ile nusu niliyomnyima ni hii: toleo lina umri. Debian hupata takriban miaka mitatu ya matunzo kamili na miwili ya nyongeza; Ubuntu ya muda mrefu miaka mitano. Baada ya hapo matundu hayazibwi tena kwa utaratibu wa kawaida. Ile Ubuntu ya 20.04 aliyo nayo ilimaliza muda wake wa kawaida Mei 2025. Kwa hiyo nilimpigia asubuhi nikamwambia atabonyeza, ila katika likizo, mitihani ikiwa imekwisha, siku ya Jumanne na si Ijumaa, na kabla ya hapo aniletee daftari. Alileta kurasa nne. Ukurasa wa tatu ulikuwa na maghala ya pembeni matano, moja aliliweka mwenyewe na hakukumbuka la nini.

Vyama vya msingi vifanye kabla msimu haujafunguliwa, au baada ya malipo ya mwisho. Hospitali haina likizo. Huko ni mche pembeni ya mama tu, hakuna njia nyingine.

Maneno yametosha. Hapa mezani kuna mashine yenye Debian 12, ile iliyokuwa inakusanya vumbi stoo. Vifurushi vimepakuliwa jana usiku. Nakala iko kwenye diski hii nyeusi, na saa mbili asubuhi tuliirudisha kwenye kompyuta ya mwalimu, tukafungua rekodi tatu. Betri imepimwa. Daftari analo dada wa mstari wa pili. Naanza. Mtaona mistari ikipita haraka, iacheni ipite. Lakini skrini ikigeuka bluu, mimi nitaondoa mikono kwenye kibodi, na mmoja wenu aje hapa mbele asome swali kwa sauti, lote, mpaka mwisho.